Mti wa Daraja la Kitopeni

"Wazungusha daraja hawaelekei upande mmoja." Mmemsikia shangazi yenu akiwaambia maharusi maneno haya, mkacheka, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Yametoka hapa hapa Kitopeni, mtoni kwetu, na chanzo chake ni hiki.

Zamani mto wetu ulikuwa na daraja lililofunguka kama mlango. Lilikuwa la chuma kitupu, limekaa juu ya nguzo moja nene ya mawe katikati ya maji. Chombo kilipotaka kupita, daraja zima liligeuka likalala sambamba na mto, kikapita, nalo likarudi mahali pake. Na halikugeuzwa kwa mashine, wajukuu zangu. Liligeuzwa kwa vifua vya watu. Juu ya nguzo ile ulikuwapo mti mrefu uliolazwa, uliopita katikati ya mhimili wa daraja. Watu wa Mjini walishika ncha ya upande wao, watu wa Ng'ambo ncha ya kwao. Hawa walisukuma kuelekea baharini, wale kuelekea milimani, na lile dude likazunguka kwa upole kama jiwe la kusagia. Miji mingine ilikuwa na madaraja ya kukanyaga tu. La kwetu lilikuwa na adabu ya kupisha.

Mwaka mmoja pande hizo mbili ziligombana kwa ajili ya kiwanja cha makaburi, zikapatana. Wakala pilau pamoja, wakaapa kwamba hawatapeana mgongo tena, popote pale. Nao waliapa kwa moyo safi.

Kesho yake mto ulifurika. Kikaonekana chelezo cha magogo kikija kasi, na juu yake Mhina, mtoto wa pekee wa Mzee Kigoda wa Mjini, mkuu wa daraja. Daraja lisipofunguliwa, chelezo kingejipigiza hapo na kijana angepondeka.

Watu wakaukimbilia mti. Kwa kukumbuka kiapo, ili wasipeane mgongo, safari hii wote wakaelekea baharini, Mjini na Ng'ambo, wakasukuma. Daraja halikutikisika.

"Sukumeni, Ng'ambo. Jana pilau mliiweza."

"Tunasukuma, ndugu zetu. Wali wenu mbichi ndio uliotumaliza nguvu."

Wakaongeza nguvu, na kila walivyoongeza ndivyo walivyozidi kuzuiana. Bi Tunu, mamake Mhina, akapaza sauti kutoka ukingoni: "Baba Mhina, mwanangu anakufa kwa heshima zenu. Tangu lini mti ule ukasukumwa hivyo?"

Kigoda akamtazama Semhando, mzee wa Ng'ambo. "Geuka, Semhando. Elekea milimani."

"Nikupe mgongo? Hata pilau haijashuka tumboni."

"Nipe, ndugu yangu. Leo mgongo wako ndio ninaoutaka."

Semhando akageuka, na watu wake wote wakageuka. Mti ukalia, daraja likaondoka. Chelezo kikapita kikikwaruza nguzo, Mhina amelala kifudifudi juu ya magogo, mzima.

Daraja lilipokwisha kugeuka, watu wa Mjini walijikuta wanatazama Ng'ambo, na wa Ng'ambo wanatazama Mjini, kila upande ukipigiwa vigelegele na wanawake wa upande wa pili. Hakuna aliyepanga hivyo. Ndivyo mti ulivyowapeleka.

Semhando akapangusa jasho. "Kiapo chetu tulikila vibaya," alisema. "Wazungusha daraja hawaelekei upande mmoja."