Moshi wa Ng'ambo ya Kijito

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni.

"Tumesogea, Bibi!"

Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha nyumbani?

"Tumekuja nayo!"

Basi yafungueni. Lwitiko, acha kuchokoachokoa moto, pukuchua mahindi huku unasikiliza. Mikono ina kazi yake na masikio yana kazi yake.

Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, milima hii ya kwetu ilikuwa ingali ikigawiwa majina. Kulikuwa na koo mbili. Ukoo wa Kilundo ulikaa upande huu wa kijito, ukoo wa Mwandele upande ule. Na juu, juu kabisa, kulikuwa na malisho mapana, majani mpaka magotini, maji yasiyokauka. Kilundo walisema malisho ni yetu. Mwandele walisema malisho ni yetu. Wakapigana kwa maneno, wakapigana kwa fimbo, mwisho wakapigana kwa mikuki.

Wazee wakachoka kuzika. Wakasema, "Basi mlima wenyewe ndio uamue." Wakaweka sheria. Kila ukoo utoe mtu mmoja. Apande wakati kipupwe kinaanza, akae peke yake miezi mitatu, mmoja upande huu wa kijito cha juu, mwingine upande ule. Achukue mfuko wa unga wa ulezi, panga, ngozi ya kujifunika na chungu chenye makaa ya moto. Basi. Asivuke kijito. Asionane na mtu. Na moto aliopanda nao usizimike hata siku moja. Atakayeshinda, ukoo wake utalisha mwaka huo. Wakishindwa wote wawili, malisho yafungwe mwaka mzima, asilishe mtu.

Mnaona ni rahisi? Eh! Ninyi mnalia mkitumwa kisimani asubuhi. Kule juu kipupwe si hiki chenu. Kule umande unaganda, nyasi zinaamka nyeupe kama zimemwagiwa unga. Ukikanyaga zinalia, krr, krr. Vidole vinakufa kwanza, kisha masikio, kisha akili.

Mara ya kwanza sheria ile ilipotumika, Kilundo walimtoa kijana mwenye nguvu kama fahali. Hakurudi. Waliikuta ngozi yake ya kujifunika tu, na Mwandele wakalisha. Kwa hiyo mara ya pili wazee walipouliza, "Nani atakwenda?", wanaume wa Kilundo walitazama vidole vya miguu yao. Huyu mgongo unamuuma. Yule mke wake ana mimba. Na ng'ombe nyuma yao wamekonda, mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa mbali.

Akasimama mwanamke. Jina lake Twilumba. Mjane, mfinyanzi, ana binti aliyekwisha kuolewa. Alikuwa amezoea kupanda peke yake kuchimba udongo wa vyungu.

"Nitakwenda mimi," akasema.

Kaka yake, Mgaya, akaruka. "Dada, umerukwa na akili? Watatucheka kwamba Kilundo imeishiwa wanaume!"

"Kwani haijaishiwa? Haya, simama wewe."

Mgaya hakusimama.

Mwandele wakamtoa kijana anayeitwa Malova, mtoto wa mwisho wa baba yake, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia. Siku ikafika. Mzee Kihwelo, mwamuzi ambaye hakuwa wa Kilundo wala wa Mwandele, akawapa makaa kutoka jiko moja. Wakapanda, kila mmoja kwa njia yake.

Twilumba akajenga kibanda cha mianzi chini ya jiwe lililoinama. Akafunga mafundo kwenye kamba, fundo moja kila asubuhi. Fundo, moto, kuni. Fundo, moto, kuni. Hakulala usingizi wa kushiba. Alisinzia kidogo, akashtuka, akapapasa jiko: moto upo? Upo. Akasinzia, akashtuka: moto upo? Upo. Mvua ya mawe ikija, anaukumbatia ule moto kama mama anavyokumbatia kichanga. Nyusi zikaungua. Chui akapita karibu, asubuhi akaona nyayo zake zimeuzunguka mlango mara mbili. Siku hiyo hakutoka kutafuta kuni mpaka jua lilipopanda sana, na hata hapo alitembea kinyumenyume.

Unga ukaisha kabla mwezi wa pili haujaisha. Akatega fuko. Akatega pimbi kwenye mawe. Siku nyingine alipata, siku nyingine alikunywa maji ya moto akajidanganya kuwa ni uji.

Lakini njaa si kitu, wajukuu zangu. Kitu ni kimya. Mwanadamu hakuumbiwa kimya. Mawingu yalifunika bonde lote, huko chini hakukuonekana nyumba wala ng'ombe. Kitu kimoja tu kilionekana: ng'ambo ya kijito, juu ya msitu wa mianzi, uzi mwembamba wa moshi. Moshi wa Malova. Moshi wa adui.

Twilumba akaanza kuusalimia.

"Umeamkaje, Malova? Mimi sijambo, goti tu. Leo umewasha kuni mbichi, ona unavyofuka!"

Alikuwa akicheka mwenyewe. Lakini kila alfajiri, kabla hajafunga fundo, alitoka kwanza kuutafuta moshi ule. Akiuona, moyo unatulia.

Asubuhi ya fundo la sabini akatoka. Akatazama. Hakuna moshi.

Mnajua alifanya nini? Nitawaambia kweli, maana yeye mwenyewe alikuja kuisema. Alifurahi! Alipiga kigelegele peke yake juu ya jiwe. "Moto wa Mwandele umezimika! Malisho yetu! Ng'ombe wetu!" Akacheza mpaka akaishiwa pumzi.

Siku ya pili, hakuna moshi. Hakucheza.

Siku ya tatu, hakuna moshi. Alikuwa amenasa pimbi mnono, akamchoma, nyama ikagoma kushuka kooni. Akajiambia, "Ameshuka kwao. Baridi imemshinda, ameshuka." Kisha akajijibu, "Na kama hajashuka?" Akakaa. Akasimama. Akaenda mpaka ukingo wa kijito, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Akiita, upepo unamrudishia sauti yake. Akivuka, Kilundo imeshindwa. Ng'ombe wa kaka yake, maziwa ya wajukuu zake, yule kijana wa kwanza aliyekufa bure; vyote atavimwaga kwa hatua moja.

"Je, Bibi, alivuka?"

Subiri! Mbona mnanikanyaga visigino?

Siku ya nne theluji nyembamba ilianguka, jambo ambalo wazee wa siku zile waliliona mara moja tu. Twilumba akautazama upande ule mweupe, usio na hata uzi wa moshi. Akaufukia moto wake majivuni, akaufunika kwa kigae, akajaza makaa kwenye chungu, akabeba na nyama ya yule pimbi. Akafika kijitoni. Maji yakamfika magotini, baridi yake kama visu. Akavuka.

Alipanda msitu wa mianzi huku chungu kimebanwa kifuani. Mianzi ililia pande zote, kwii, kwii, na kila mlio alidhani ni chui. Alipokiona kibanda, akasita. Aliogopa atakachokikuta.

"Malova!"

Kimya.

"Malova wa Mwandele! Upo?"

Sauti ikatoka ndani, nyembamba, kama ya mzee. "Kama ni mzimu, pita. Sina cha kukupa."

"Si mzimu. Ni Twilumba wa Kilundo."

"Usiingie! Mama, usiingie, rudi! Umevuka... umewaponza watu wako."

"Nimekwisha kuwaponza. Sogea."

Akaingia. Kijana alikuwa amejikunja kama mtoto tumboni. Kisiki cha mwanzi kilimchoma unyayo, mguu ukavimba mpaka gotini, akashindwa kutafuta kuni, moto ukamfia mbele ya macho yake. Midomo ilikuwa ya buluu. Twilumba akamimina makaa yake jikoni. Akawasha. Akachemsha maji. Akachukua panga, akalichoma ncha motoni, akamwambia, "Ng'ata ngozi hii."

Sitawaeleza kilichotoka mguuni. Mmetoka kula.

Akakaa naye siku mbili. Akamlundikia kuni kando ya jiko, mahali mkono unafika. Siku ya kuondoka, Malova akamshika upindo wa ngozi.

"Mama, mimi sitasema. Hakuna aliyeona. Mawingu yamefunika huko chini. Ukinyamaza na mimi nikinyamaza, nani atajua?"

Twilumba akamtazama. "Kula nyama iliyobaki," akasema. Akaenda zake.

Kule kwake, jiko lilikuwa baridi. Akafukua majivu kwa vidole, akafukua, akafukua. Chini kabisa, kaa moja dogo kama punje ya harage bado lina wekundu. Akalipulizia mpaka akaona nyota mchana. Likashika.

Siku zilizobaki zilikuwa mbaya kuliko zote. Moshi wa ng'ambo ulirudi, naye aliusalimia, lakini kila alipofunga fundo alijiuliza: nitasema au nitanyamaza? Asubuhi alisema nitanyamaza. Adhuhuri alisema nitasema. Jioni hakujua. Chakula kilikuwepo, na bado alikonda.

Siku ya mwisho ikafika. Koo zote mbili zikapanda. Walipomwona Twilumba, mifupa na macho tu, binti yake alijishika kichwa akalia. Malova alishuka akiegemea fimbo. Mzee Kihwelo akawasimamisha kila mmoja upande wake wa kijito, akachota udongo wa kiapo.

"Mkubwa ndiye huanza. Twilumba, lamba udongo huu utakaokumeza siku moja. Moto wako ulizimika?"

"Haukuzimika, Mzee."

"Ulivuka maji? Ulionana na mtu?"

Mgaya, kaka yake, alikuwa tayari ameinua fimbo ashangilie. Twilumba akaona fimbo ile. Akaona ng'ombe nyuma yake. Ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

"Nilivuka," akasema. "Nilionana na mtu. Nilikaa kwake siku mbili."

Lo! Kilundo wakapiga yowe kama wamefiwa. "Umetuua! Umetuua!" Ng'ambo ya pili vigelegele, ngoma, vumbi. Mwandele wameshinda! Baba yake Malova akatupa mkuki juu, akaudaka.

Kihwelo akangoja. Akamgeukia kijana, akampa udongo.

"Malova, ulivuka maji?"

"Sikuvuka, Mzee."

Vigelegele tena.

"Ulionana na mtu?"

"Alikuja. Sikumwita."

"Hakumwita! Mmesikia? Hakumwita!" Mwandele wakashangilia.

"Na moto wako, ulizimika?"

Hapo Malova akautazama mguu wake. Baba yake akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, jibu upesi tuondoke." Kijana akamtazama baba yake. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Akafungua mdomo, akaufunga. Watu wakaanza kunong'ona. Akaufungua tena.

"Ulizimika, Mzee. Siku nne ulikuwa umezimika. Moto mnaouona ukifuka ni wa huyu mama. Na mimi mnayeniona nimesimama, ni wa huyu mama."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mkuki ulimtoka baba yake mkononi, akauacha pale chini.

Kihwelo akajifuta mikono. "Wote wameshindwa. Malisho yamefungwa."

Msidhani watu waliwabeba mabegani. Thubutu! Mwaka ule ulikuwa mchungu. Ng'ombe walikufa, huku na kule. Mgaya hakumsalimia dada yake msimu mzima wa mavuno. Akimwona njiani anapita porini. Malova alichechemea maisha yake yote, na kwao walimwita Aliyeuza Mlima. Twilumba alifinyanga vyungu, na wa ukoo wake hawakuvinunua. Je, alijuta? Binti yake alimuuliza hivyo hivyo. Akajibu, "Siku ninazojuta ni zile tatu nilizongoja."

Kipupwe kingine kikafika. Kihwelo akaziita koo. "Sheria ni ile ile. Kilundo, nani atakwenda?" Kimya. "Mwandele, nani atakwenda?" Kimya. Akina mama wa pande zote mbili waliwashika watoto wao mikono. Akangoja mpaka jua likahama. Mlima utaamuaje kama hakuna mtu wa kuupa?

Ndipo baba yake Malova, yule mwenye mkuki, akasema bila kumtazama mtu, "Mimi kesho ninapandisha ng'ombe wangu. Anayetaka tupande pamoja, aje alfajiri."

Alfajiri wa kwanza kufika alikuwa Mgaya.

Na toka hapo hadi leo, pale juu hakuna anayeuliza ng'ombe huyu ni wa upande gani.

Basi, wajukuu zangu, shikeni hili. Jiko la jirani likizimika usipige kigelegele, hata kama jirani huyo ni adui yako. Nenda ukatazame. Na ukiulizwa ulikwenda, sema ulikwenda.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Aliyeusikia aubebe, aliyesinzia aokote alichodondosha mwenzake. Haya, leteni hayo mahindi niyaone.