Tangazo la Kifo cha Mzee Mwalyego

Soma taratibu mpaka chini, ndipo umtumie mwenzako.

Chuo kimoja cha uandishi wa habari kule Mbeya kilikuwa na kijana anaitwa Tumsifu. Sauti anayo! Akisema tu "habari za asubuhi", majogoo wa jirani walikuwa wanaona aibu kuwika.

Siku ya mtihani wa mwisho, Mwalimu Sekela alisema redio moja ya mjini inataka mtangazaji mmoja tu. Atakayefanya vizuri, kazi ni yake. Tumsifu alikuwa ameshawaambia kwao kijijini wanunue betri mpya za redio.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: mzee mmoja amekaa kwenye benchi mlangoni, ameshika karatasi ya tangazo la kifo. Unaipokea, unaingia studio, unasoma.

Alitangulia Nasra, binti mwenye sauti ya mtu aliyeamka na mafua. Aliongea na mzee kidogo, akaingia, akamnong'oneza mwalimu, akatoka bila kusoma hata neno.

"Umekwama, dada?" Tumsifu akamcheka. "Kaa hapo usikie wanaume wanavyozika!"

Akamnyang'anya mzee karatasi, hata shikamoo hakumpa, akaketi mbele ya maiki. Jamani, alisoma! "Tunasikitika kutangaza kifo cha Mzee Ambakisye Mwalyego..." Akaongeza na ya kwake: eti marehemu aliugua kwa muda mrefu, eti kijiji kizima kimezizima. Mpishi wa chuo aliyekuwa akipita dirishani alitua ndoo chini, akajifuta machozi kwa kanga.

Tumsifu akavua hedfoni. "Mwalimu, naanza kazi lini?"

Mwalimu Sekela alifungua mlango, akamwita yule mzee wa benchi. "Baba, mwambie kijana jina lako."

"Ambakisye Mwalyego."

Tumsifu aliruka, kiti kikaangukia huku, yeye kule.

"Ma... marehemu?"

"Marehemu wa nani? Mwenzako alinisalimia, akanipa pole, akaniuliza, 'Baba, marehemu ni nani wako?' Nikamwambia ni mimi mwenyewe. Akanirudishia karatasi yangu. Wewe hata uso hukunitazama! Na huo ugonjwa wa muda mrefu niliugua lini?"

Jasho lilimtiririka Tumsifu mpaka kwenye viatu. "Lakini Mwalimu, si ulikuwa mtihani tu?"

"Leo maiki niliizima," akasema Mwalimu Sekela. "Kule redioni haizimwi. Mzee huyu ana mke mwenye presha, na redio ya jikoni kwake huwaka toka alfajiri. Ungesoma kule, jioni hii tungekuwa na msiba wa kweli. Nasra ataanza Jumatatu."

Funzo: Sauti tamu haigeuzi uongo kuwa habari. Kabla hujatangaza, muulize aliyekuletea: wewe ni nani, na umejuaje?