Kiti Kizito cha Fadunga

Sogeeni, watu wa miji mitano, nanyi mlio nyuma nyamazeni, maana sauti yangu si ya jana na habari hii ni ndefu kuliko pumzi zangu. Ni habari ya enzi za mababu wa mababu zetu, wakati nchi hii ya Dembasira haikuwa nchi bali ilikuwa miji mitano iliyochinjana kwa ajili ya vivuko vya mto, kila mji na mkuu wake, kila mkuu na mikuki yake, na wanawake wakipanda uwele bila kujua ni nani atakayeuvuna. Katika enzi hizo alizaliwa Fadunga, mwana wa Sirabile mfua chuma, mjukuu wa Korotun mwinda viboko, kitinda mimba wa nyumba yao. Nyele, dada yake mkubwa, ndiye aliyembeba mgongoni, akambeba mpaka mgongo wake ukakataa kunyooka, kwa kuwa mtoto yule alikuwa mzito tangu siku ya kwanza.

Huyo ndiye Fadunga Mabega Mapana, Fadunga Mng'oa Malango. Alipochoka kuzika wenzake aliuendea mji mmoja baada ya mwingine, akang'oa malango yake kwa mikono mitupu na kuyatupa mtoni, na walinzi wakabaki wameshika mikuki wasijue wanalinda nini. Kisha akazama katika maji yaleyale, akaibuka na gogo jeusi lililokuwa limelala chini ya mto vizazi na vizazi, akalichonga kiti cha miguu mitatu. Akakiweka mbele ya watu wote, akatamka sheria.

"Kiti hiki ndicho nchi. Kila mvua za kwanza zikinyesha, anayekikalia atainuka, na kiti kitahamia mji unaofuata. Mtu wa mji huo atakayekibeba peke yake kutoka mpakani hadi uwanjani, huyo ndiye atakayetutawala mpaka mvua nyingine. Nimekifanya kizito ili mwizi asikichukue na mzembe asikitamani. Na yeyote atakayekitia chuma, awe nani, atavuka mto asirudi, wala mtu asimwite kutoka ng'ambo hii."

Watu walishangilia mpaka vumbi likafunika jua. Nyele wakamfanya Mama wa Sheria, kwa kuwa ndiye pekee ambaye Fadunga aliwahi kumwogopa, na hukumu ikawa haina nguvu mpaka itoke kinywani mwake. Sheria ilikuwa nzuri. Mpaka leo sijasikia nyingine nzuri kama ile, na hicho ndicho kinachonichosha.

Maana mvua zilinyesha, Fadunga akainuka kama alivyosema, na shujaa wa mji wa pili akaja kukibeba kiti. Hakukisogeza. Akaja mwingine, akakiinua hadi magotini, akaanguka nacho. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakamgeukia Fadunga wakasema, "Kalia wewe, baba. Nani mwingine?" Naye akakalia. Tusimpambe marehemu: mwaka ule alikalia kwa furaha. Akakibeba mwenyewe hadi mji wa pili, mwaka uliofuata hadi wa tatu, na hivyo kiti kikazunguka nchi nzima kama sheria ilivyotaka, na juu yake makalio ni yaleyale.

Miaka ikaenda hivyo. Watu wakasahau namna ya kupatana. Mbuzi akila karanga za jirani, kesi ni ya Fadunga. Mke akinuna, wanamwita Fadunga. Alikula akisikiliza mashauri, akaoga akisikiliza mashauri, na nywele zikamwota mvi akisikiliza mashauri. Na kila mwaka kijana mmoja au wawili walijaribu kukiinua kile kiti kwa sababu sheria iliwaruhusu, wakarudi kwao wameinama. Mmoja wao alikuwa Bandugu, mtoto pekee wa Nyele. Alikifikisha kifuani, akatabasamu kumtafuta mama yake katika umati, kisha kitu kikakatika ndani yake. Mtama ulipokomaa walikuwa wameshamzika. Nyele aliendelea kumpikia ndugu yake uji wa jioni, akaendelea kutembea nyuma yake na kibuyu cha maji kila kiti kilipohama, na neno moja juu ya jambo lile hakulisema, kwa kuwa alijua kwamba akilianza hataweza kulimaliza.

Ndipo ukaja mwaka ambao Fadunga alikitua kiti njiani. Hakuwahi kukitua. Walikuwa wanaelekea mji wa Kangaso, msafara umetangulia na ngoma zake, naye na Nyele wamebaki peke yao nyuma ya kichuguu. Fadunga alikaa chini, mavumbini, wala si juu ya kiti.

"Dada," akasema, "nimechoka."

"Tangu lini?"

"Tangu Bandugu."

Nyele alimpa maji. Mzee akanywa kwa pupa, maji mengi yakamwagikia ndevuni. Nyele alimtazama, akajisikia amechoka kuliko yeye, uchovu wa mtu anayeona jambo linakuja na hana pa kulikwepea. Katika kila mji alikuwa amesikia vijana wakinoa mikuki na kusema wananoa kwa ajili ya mawindo.

"Ukifia juu ya kiti hiki," akamwambia, "hakuna atakayeweza kukibeba kwa sheria. Watakigombea kwa damu. Tutarudi kulekule."

"Najua. Basi kiwe chepesi."

"Hakiwi chepesi bila chuma."

"Na hilo najua, dada. Sheria niliitunga mimi." Akafuta ndevu. "Utaitamka?"

Nyele alimwomba Mungu ampe kinywa kikavu, kinywa kisichoweza kusema. Hakupewa.

"Nitaitamka," akasema. "Nyanyuka, wanatungoja."

Katika uwanja wa Kangaso, jua likiwa utosini, Fadunga Mng'oa Malango alikitua kiti mbele ya miji mitano, akachomoa tezo la chuma la baba yake, akalipiga katika ule mti mweusi. Umati ukalia kama watu waliofiwa. Wazee wakajifunika nyuso. Yeye hakuinua kichwa, akachonga, vibanzi vikiruka hadi miguuni mwa watu, akapunguza unene wa miguu, akachimba tumbo la kiti, akachonga mpaka kikawa kitu kidogo kisicho na fahari yoyote. Kisha akamwita mwanamke aliyesimama karibu akinyonyesha, naye akakiinua kwa mkono mmoja bila kumwachisha mtoto ziwa.

Nyele akasimama. Akasema kwa sauti ya kufika mbali.

"Kiti kimetiwa chuma. Aliyekitia chuma atavuka mto asirudi. Wala mtu asimwite kutoka ng'ambo hii."

Wapo walionong'ona kwamba mama amemlipizia mwanawe kisasi. Nyele aliwasikia. Alimsindikiza ndugu yake hadi kivukoni, akamwona akiingia majini polepole, mikono mitupu, mabega mapana yakiwa yamenyooka kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Hakugeuka nyuma. Alipotokea upande wa pili aliingia kwenye majani marefu, na tangu hapo hakuna aliyemwona, awe hai au maiti.

Na aliyekikalia kiti? Sumbala, muuza chumvi wa Kangaso, mtu wa kikohozi na maneno mengi, aliyewawahi wenzake kukibeba kutoka mpakani. Alitawala vibaya. Kivuko bora aliwapa wakwe zake, na kesi zikisomwa alikoroma. Watu wakamjia Nyele wakilia, "Mwite Fadunga!" Naye, ambaye hakuna aliyetamani kumwita kuliko yeye, aliwajibu kila mara, "Ngojeni mvua."

Mvua zikanyesha. Sumbala alikaa kitini akikishika kwa mikono miwili. Uwanja ulijaa, na mikuki ile iliyonolewa kwa miaka mingi ilikuwapo yote. Muuza chumvi akawatazama, akatazama matope, akakohoa. Kisha akainuka. Akakiweka kiti kichwani, akatembea nacho akilia machozi ya hasira hadi mpaka wa mji unaofuata, akamkabidhi mtu mwingine, akarudi nyumbani kwake kuuza chumvi. Siku ile hakuzikwa mtu.

Nyele aliposikia, alishika fimbo yake akashuka kivukoni. Sheria ilimkataza kumwita ndugu yake, naye hakumwita. Alisimama kwenye tope, akapaza sauti kuelekea ng'ambo, "Ameinuka! Ameinuka kwa miguu yake mwenyewe!" Akangoja. Majani yalitikisika kwa upepo tu. Akalia pale, peke yake, kwa furaha na kwa uchungu, kisha akapanda kurudi.

Ndiyo sababu mpaka leo, wenzangu, kila mtawala wetu anapoinuka, mwema au mpumbavu, wanawake hushuka mtoni na kupiga ukelele, "Ameinuka!" Hungoja kidogo, kila mmoja akiutegea mto sikio. Kisha hurudi nyumbani kupika.