Mwavuli Mwekundu wa Bi Otsune

Sogeeni karibu, na anayesinzia akalale kwao!

Hapo kale, katika nchi ya Japani, aliishi Bi Otsune, fundi wa miavuli ya karatasi. Mumewe aliuawa na mvua. Jumbe Genba alimfunga mtini, akamwacha anyeshewe mpaka roho ikamtoka, eti hakumwinamia barabarani. Juu ya kaburi ukaota mwanzi. Bi Otsune aliukata, akauchana njiti za mwavuli, akazibandika karatasi nyekundu, akaipaka mafuta ili isipitishe maji.

Siku hiyo hiyo mawingu yakatanda. Jumbe akaingia karakana kwa kishindo.

"Nipe ule mwekundu!"

"Subiri, Jumbe. Mafuta hayajakauka."

"Nipe!"

"Subiri. Sharti uanikwe juani kwanza."

"Nipe, mwanamke wee!"

"Subiri. Mwavuli mbichi hunata."

Jumbe akaunyakua, akatoka, akaufungua. Tone la kwanza likadondoka, mwavuli ukanena kwa sauti ya marehemu: "Nilikulilia, Genba." Tone la pili, njiti zikamkumbatia. Tone la tatu, mwavuli ukajifunga ndi! Jumbe yumo ndani.

Bi Otsune akauokota, mwepesi kama miavuli mingine, akautundika darini.

Tangu hapo, kila mvua inaponyesha, wageni wa karakana ile husikia kitu kikigonga ndani ya karatasi: "Nifungue! Nifungue! Nifungue!"

Naye Bi Otsune, bila kuinua macho kutoka kwenye brashi yake, hujibu kwa adabu:

"Subiri, Jumbe. Mafuta hayajakauka."