Theluji ya Kwato za Nyati

Zamani za kale, wakati kofia nyeupe ya mlima ilikuwa bado kubwa mpaka inaufunika masikio, wanyama wa kule juu walikuwa na nyumba, na vyungu, na majirani wa kugombana nao. Chui naye alikuwa jirani tu. Alikuwa hajajifunza bado kula majirani, kwa hiyo msiogope, sogeeni hapa.

Basi, kulikuwa na pango moja kubwa, kavu, limeupa upepo mgongo, na ndani mna meko. Pango lilikuwa la wote. Lakini sheria ya mlima ilisema linafunguliwa siku ile tu mtangazaji wa theluji anaposema theluji inayokuja itafika magotini. Ikiwa ni ya kwato, yaani inaishia kwatoni, kila mtu abaki kwake.

Na mtangazaji alikuwa nani? Nyati! Kila asubuhi anapanda jiwe, ananusa upepo, fnn! fnn! anapaza sauti: "Mmmoo! Habari za theluji! Iliyoanguka jana, kwato! Inayokuja leo, kwato! Siku njema!"

Kwato za nani? Zake. Goti la nani? Lake, na goti la Nyati mnajua liko wapi, liko huko juu kabisa. Na walinzi wa pango walikuwa yeye na rafiki yake Chui, kwa hiyo wao walilala humo kila siku, wamejinyoosha, meko yao peke yao.

Sasa kulikuwa na Pimbi. Pimbi ni kanyama kadogo, kama sungura aliyesahauliwa kupewa masikio. Alikuwa amejifungua mapacha juzijuzi, na nyumba yake ilikuwa ufa chini ya jabali. Theluji iliyopita, ya kwato, iliziba ule ufa wote, gizaa! Pimbi akachimba kwa kucha, akachimba, huku nyuma watoto wanalia, kisha hawalii tena, na hapo ndipo alipochimba kama kichaa mpaka akaona mwanga.

Asubuhi moja akatoka nje akaona ile mimea mikubwa ya mlimani, inayofunga majani usiku, imeyafunga mchana kweupe, dalili ya theluji kubwa. Moyo ukamlipuka, pa! Akawafunga mapacha mgongoni, akakimbia mpaka pangoni.

"Shikamoo, Mzee Nyati!"

"Marahaba. Sema upesi, nataka kutangaza."

"Baba, ya leo ni kubwa, naomba utangaze goti, nina wachanga, ile nyingine ulisema kwato ikaniziba mlango, nikachimba mpaka—"

"Ngoja. Ilifika kwato, haikufika?"

"Ilifika kwato zako, baba, mimi ilinipita kichwa!"

"Basi nilisema kweli!"

Chui akacheka mpaka akajiviringisha. "Mama pacha, nenda kaote miguu kwanza, ndipo uje kubishana na habari!"

Wakacheka wote wawili, haa! haa! haa! Na kwa kuwa baridi ilikuwa kali, kila walipocheka moshi mweupe uliwatoka vinywani. Pimbi akautazama. Kichwani mlikuwa mmeshaingia jambo. Akaruka nyuma.

"Mama yangu! Imeshaanza!"

"Nini?"

"Hamuoni? Mnatoa mawingu!"

Nyati akapumua, haaa. Wingu. Chui naye, haaa. Wingu. Wakatazamana.

"Mzee, wewe ndiye mjuzi wa hali ya hewa," Pimbi akasema. "Kazi ya wingu ni nini?"

"Kuangusha theluji," Nyati akajibu. Angekataaje, naye ni mtangazaji?

"Na wingu likifungiwa pangoni?"

Nyati akarudi hatua moja nyuma. "Litaangusha... humohumo."

"Uongo!" Chui akang'aka. "Hata wewe Pimbi unatoa!"

"Mimi na kakifua haka? Kawingu kangu hakatoshi kulowesha pua ya nzi. Lakini ninyi, bwana, vifua kama maghala! Haya, tazameni dari!"

Wakainua macho. Lo! Dari pale mlangoni lilikuwa jeupe pe! Ilikuwa pumzi yao wenyewe ya usiku, imeganda. Wakati wanashangaa, kipande kikabanduka, kikamwangukia Chui puani. Twaa!

"Mama wee! Inaanguka ndani!" Chui akapiga kelele.

"Mzee Nyati," Pimbi akauliza kwa upole, "hiyo ni ya kwato au ya goti?"

"Ya goti! Ya shingo!"

"Si utangaze, baba? Watu wasife."

Nyati akarukia jiwe. "Mmmoo! Theluji ya goti! Ya goti, jamani!" Kisha puu! puu! puu! akaporomoka kuelekea msitu wa mianzi, Chui mbele yake.

Wadogo wote wa mlimani walisikia goti limetangazwa. Panya akaja na wanawe, Kwale akaja na vifaranga, wakaingia pangoni kwa haki yao. Jioni haijafika, dhoruba ikashuka, vuuuuu! Ule ufa wa Pimbi ukafukiwa, hata jabali lenyewe halikuonekana. Lakini ndani ya pango moto ulikuwa unawaka, na mapacha walikuwa wananyonya.

Jua lilipotoka, Nyati na Chui wakapanda kurudi, wamelowa, wanapiga chafya. Wakakuta uji unachemka na sakafu imekauka kau.

"We Pimbi!" Chui akanguruma. "Theluji ya humu ndani iko wapi?"

Pimbi akasimama mlangoni, hakusogea. "Ilianguka, bwana. Ilifika kwato tu."

"Kwato za nani?" Nyati akafoka.

Nyati akajisikia mwenyewe, akazitazama kwato zake.

"Hilo ndilo swali langu, baba," Pimbi akasema, "tangu ile siku nilipochimba."

Panya akaanza kucheka, Kwale akadakia, na mwisho Chui naye akashindwa kujizuia. Nyati akainamisha pembe, akaomba nafasi karibu na meko, akapewa. Na kila asubuhi baada ya hapo, kabla hajatangaza, alimwomba Pimbi atoke kwanza asimame kwenye theluji.

Basi wanangu, ukipewa kazi ya kupima hatari kwa ajili ya watu, ipime kwa mguu wa yule aliye mfupi kuliko wote.