Sarafu Iliyolia Kama Kengele

Kitendawili, wajukuu! Hana miguu, huzunguka nchi nzima. Hana mdomo, akianguka hulia. Sarafu? Haya, mmenipiku. Basi sikieni habari za mzee aliyetaka sarafu yake ilie kuliko zote.

Alikuwa myeyushaji metali katika kiwanda cha sarafu, na kwa kupenda milio wenzake walimbandika jina Kengele. Sarafu mpya ilitakiwa, na metali yake ingechaguliwa kwa mashindano. Kengele, aliyekaribia kustaafu, alitamani jambo moja tu: metali yake ya mwisho ishikwe na kila mkono nchini. Mshindani wake alikuwa bintiye wa kumzaa, aliyejifunzia kazi kwenye tanuri lilelile.

Binti alichanganya shaba na nikeli. Kengele alichanganya shaba na bati, akalizidisha bati. Siku ya majaribio aliidondosha sarafu yake sakafuni. Lo! Mlio ulipanda kuta, ukaning'inia hewani kama usiotaka kuondoka. Mafundi walipigwa na butwaa. Mkuu wao akavua kofia. Ya binti ikaanguka: ta!

"Mwanangu, umetuletea sarafu au kifungo cha koti?" Kengele alimtania. Watu wakaangua kicheko.

"Cheka tu, baba. Ila niambie: sarafu ni ya kusikilizwa au ya kutembea?"

Mzee akanyamaza kama maji mtungini.

Sarafu zote zikatiwa katika pipa la kuzungushwa kwa mashine, pamoja na maji ya chumvi mfano wa jasho, na vipande vya ngozi mfano wa pochi. Mafundi huliita pipa hilo "ngoma". Ngoma ilizunguka kutwa kucha, na ndani yake za Kengele zikivuma kupita zote. Kisha mlio ukageuka mkwaruzo.

Ngoma ilipofunguliwa, hakuna aliyethubutu kupumua. Za Kengele zilikuwa zimepasuka kama vigae. Za binti zilitulia chini, nzima, zimetakata kama mwezi baada ya mvua. Kengele aliokota moja, akaigeuza.

"Subhana! Imepita mateso yote hayo, uso haujakunjamana! Yangu, bati lililoipa sauti ndilo lililoifanya ivunjike kama yai."

"Baba, tanuri la kwanza la sarafu hii tuliwashe pamoja. Mikono yako imo humu, nani alinifunza?"

Machozi yakamlengalenga mzee. Akaibusu ile sarafu, akairudisha kiganjani mwa bintiye.

"Uliniuliza, mama, nikakukalia kimya. Sarafu ni ya kutembea. Ngoma ivumayo haidumu."