Mama Togwa na Vyungu vya Mrindeni

"Chungu cha rahisi, muulize mfinyanzi." Maneno hayo waliambiwa wajukuu wa Bibi Nambua na jirani yao, walipompitia wakijisifia viatu walivyopata sokoni kwa bei ya kutupa. Hawakuelewa viatu na vyungu vimekutana wapi. Walipofika nyumbani wakamwuliza bibi yao. Bibi akasogeza pembeni ungo wa maharage, akawaambia wakae. "Maneno hayo yana mwenyewe," alisema, "na yalianza hivi."

Zamani, kabla magari hayajapanda milima ya Upare, alikuwako mama mmoja jina lake Naghenjwa, aliyeuza togwa katika soko la Ngasheni. Togwa yake ilisifika hata watu wakasahau jina lake, wakamwita Mama Togwa. Kazi yake ilitaka vyungu vingi, maana togwa huchachushwa ndani ya chungu na huuzwa ikiwa ndani ya chungu, na chungu nacho ni kitu cha kuvunjika.

Mama huyo alikuwa na kipaji kingine. Katika kupatana bei, soko zima halikuwa na wa kumshinda. Atakishika chungu, atakigonga kwa kidole, kisha atakunja uso kana kwamba amesikia mgonjwa akikohoa. Atakiweka chini na kuondoka zake. Mchuuzi atamwita, naye hatageuka. Ataitwa tena kwa bei iliyoshuka, ndipo arudi polepole kama mtu anayefanya hisani. Wanawake waliacha biashara zao wamtazame, na alipoondoka na chungu kichwani walimpigia vigelegele. Kisha nao wakadai bei ile ile.

Hakuwa mtu mbaya Naghenjwa. Mjane aliyepita na kiu alipewa kibuyu cha togwa bila kuulizwa kitu. Ila bei kwake ilikuwa mchezo, na mchezo aliupenda kwa kuwa alishinda kila siku.

Vyungu hivyo vililetwa na mchuuzi aitwaye Mavura, aliyevipakia kwenye punda kutoka Mrindeni, kijiji cha wafinyanzi kilicho ng'ambo ya bonde. Naghenjwa hakuwahi kufika huko. Kwake yeye, vyungu vilitoka mgongoni mwa punda.

Basi mwaka mmoja bei ilishuka kuliko ilivyowahi kushuka, na Naghenjwa akatamba sana. Lakini vyungu vyenyewe vikaanza kumfia. Kimoja kilipasuka kwenye moto, kingine kikavuja kama pakacha. Yeye akanunua vingine, maana vilikuwa rahisi. Hatimaye akaagizwa togwa ya harusi ya binti wa ukoo mkubwa. Aliipika kwa moyo wake wote, akaijaza katika vyungu vipya, akailaza. Asubuhi alikuta sakafu imelowa na vyungu vimepasuka, togwa yote imenywewa na ardhi. Watu wa harusi walikunywa maji. Mama wa bibi harusi hakumtukana. Alimtazama tu, akageuka, na hilo lilimwuma Naghenjwa kuliko matusi.

Kesho yake alibeba kimoja kati ya vyungu vile vibovu, akavuka bonde. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno atakayowarushia watu wa Mrindeni.

Aliwakuta wanawake wakichimba udongo chini ya ukingo wa korongo. Ukingo ule ulikuwa umechimbuliwa kwa chini, hata sehemu ya juu ikabaki imening'inia kama paa la kibanda.

"Nani amefinyanga kitu hiki?" Naghenjwa aliuliza kwa ukali, bila hata hodi.

Mwanamke kijana akatoka chini ya ukingo, udongo umemjaa hadi viwikoni. Jina lake Mkunde. Alikitazama chungu, akakitambua kwa nakshi ya shingoni. "Ni changu, mama. Shikamoo."

Naghenjwa hakuitikia. "Kimenivunjia heshima yangu mbele za watu!"

"Naamini, mama. Hakikuiva. Nilijua tangu nilipokitoa motoni."

"Ulijua, na bado ukakiuza?"

"Ningefanyaje? Zamani tulipanda kule mlimani kufuata udongo mzuri. Tuliuponda, tukaulaza, na vyungu tukavichoma kwa kuni za kutosha. Kwa bei ya sasa, ukienda mlimani unarudi umekula hasara. Ndiyo maana tunachimba hapa karibu, udongo mbovu na mahali pabaya, na tunachomea majani makavu, ili vipatikane vingi upesi. Tusipofanya hivyo watoto hawali."

"Basi mkataeni huyo Mavura!"

"Tulimkataa. Akatuambia yeye anabeba kinachotakiwa tu. Anasema huko sokoni yuko mwanamke aitwaye Mama Togwa, hatoi zaidi, na wote wanamfuata. Kila akija kutushushia bei hutaja jina hilo. Sasa mtoto akililia uji, sisi humwambia, 'Nyamaza, Mama Togwa amekataa.'" Mkunde alijifuta jasho kwa bega. "Wewe watoka sokoni, mama. Unamjua?"

Maneno yote aliyoyapanga Naghenjwa njiani yalimtoka kichwani.

"Namjua," alisema kwa sauti ndogo.

"Ukimwona, mwambie siku moja aje atutazame." Mkunde akainama, akarudi chini ya ukingo kuendelea na kazi.

Hapo ndipo ardhi ilipotoa mlio, kama mtu anayeguna usingizini, na ukingo wote ukashuka. Wanawake walipiga yowe. Vumbi lilipotulia, pale aliposimama Mkunde palikuwa kifusi kitupu.

Naghenjwa alikuwa wa kwanza kufika. Hakuwa na jembe. Alikipiga chungu chake juu ya jiwe, akachukua kigae, akaanza kuchimba kama mbwa anayefukua shimo. Wenzake wakamzunguka na majembe, kisha wakayaweka kando kwa kuogopa kumkata aliye chini, wakatumia mikono. Kucha zilitoka damu. Mtoto wa Mkunde, aliyekuwa amebebwa na jirani, alilia, akachoka kulia, na bado hawajaona kitu. Mwanamke mmoja akaanza kuimba wimbo wa msiba.

"Nyamaza!" Naghenjwa alimkemea. "Bado hajafa. Chimba!"

Mara kidole chake kikagusa nywele. Wakafukua uso, wakamtoa udongo puani na mdomoni, wakamvuta kwa makwapa hadi mwili wote ukatoka. Alikuwa mweupe kwa vumbi, na hakupumua. Wakampiga mgongoni. Wakampiga tena. Mkunde akakohoa, akatema udongo, akafumbua macho na kuwatazama mmoja mmoja. Alipomfikia Naghenjwa akauliza kwa sauti ya kukwaruza:

"Jamani, mgeni amepewa hata uji?"

Wanawake waliangua kicheko na kilio kwa pamoja. Walikumbatiana, wakakaa chini katika udongo ule ule, wakacheka hadi mbavu zikawauma. Naghenjwa peke yake hakucheka. Alimshika Mkunde mkono.

"Mama Togwa ni mimi," alisema.

Mkunde alimtazama, akazitazama na kucha zake zilizotoka damu.

"Basi amenifukua yule yule aliyenifukia," alisema, na safari hii hata Naghenjwa alicheka, machozi yakimtiririka.

Wakamwandalia uji, akanywa pamoja nao. Kabla hajaondoka walikubaliana bei itakayowafikisha mlimani na kuwapatia kuni. Huko sokoni haikuwa rahisi. Mavura alinung'unika, ila alipoona Mama Togwa analipa bila kuondoka na kuitwa tena, akanyamaza na kubeba. Baadhi ya wanawake walisema ameishiwa makali. Yeye aliwaacha waseme. Vyungu vizuri vikaanza kushuka tena kutoka Mrindeni, vyenye mlio wa kengele ukivigonga, na kila mmoja aliona havivuji.

Siku moja Mkunde mwenyewe alikuja Ngasheni na vyungu vyake, mtoto mgongoni. Msichana mmoja, mchumba wa mtu, akashika kimoja, akaambiwa bei, akakirudisha chini. Akamgeukia Naghenjwa. "Mama, wewe ndiwe uliyewafundisha watu kununua kwa rahisi. Mbona siku hizi unanunua ghali?"

Naghenjwa hakuanza kueleza habari za korongo. Alimwonyesha Mkunde kwa mkono.

"Chungu cha rahisi, mwanangu, muulize mfinyanzi."

Msichana akachuchumaa mbele ya Mkunde, akamwamkia, akamwuliza habari za kazi. Mkunde akampa mtoto ampakate, akaanza kumsimulia. Alipoinuka, msichana yule alikuwa na chungu kichwani, amelipa bei ile ile aliyoambiwa.

Tangu hapo, huko milimani, mtu akijisifia kitu alichokipata kwa bei ya kutupa, kiwe kiatu au kitenge, hawamlaumu wala hawamcheki. Humwambia tu: chungu cha rahisi, muulize mfinyanzi.